Kugawa Nguvu, Kutenga Mawimbi: Istilahi za Kiswahili za Vifaa vya Kugawanya na Kukutanisha Nuru katika Nyuzi za Kioo

Ikisiri

Mawasiliano ya nyuzi za kioo hutegemea vifaa vidogo vinavyoigawanya nuru moja kwenda njia nyingi na kuzikutanisha nuru nyingi katika njia moja. Katika Kiswahili vifaa hivi huelezwa kwa vitenzi viwili tu, -gawanya na -unganisha, kana kwamba tendo la pili ni kinyume kamili cha la kwanza. Makala hii inaeleza utendaji wa vifaa hivyo na kuonesha kwamba matendo yanayofanyika ndani yake ni zaidi ya mawili, na kwamba nuru iliyogawanywa kwa kiasi hairudishwi kwa kuunganishwa tena. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili tayari kina vitenzi vinavyozibeba tofauti hizo, hususani -gawa, -tenga, -kutanisha na -kusanya, na kwamba muundo wa jina ambatani wa aina ya kipimajoto unafaa kuunda istilahi zinazotaja tendo pamoja na kitu kinachotendwa.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika katika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 2010 ikafuatiwa na EASSy. Tangu hapo nyuzi za kioo zimetoka ufukweni hadi miji ya bara, na kutoka barabara kuu hadi kuta za nyumba. Neno mkongo limekwishazoeleka nchini Tanzania, hasa kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ilhali faiba imeenea katika mazungumzo ya kila siku. Hata hivyo, lugha ya kueleza kinachotendeka ndani ya nyuzi hizo haijakua kwa kasi hiyohiyo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni msingi muhimu wa istilahi za sayansi, lakini ilichapishwa takribani miongo miwili kabla ya mikongo hiyo kufika.

Pengo hilo halihusu upungufu wa maneno pekee. Linahusu pia maneno yaliyopo kutumiwa kwa namna inayoficha tofauti za msingi. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kifaa fulani “hugawanya mawasiliano” na kwamba kingine “huyaunganisha” anaweza kuhitimisha kuwa kila nyumba hupata sehemu ya ujumbe, na kwamba nuru mbili zikiunganishwa hutoa nuru yenye jumla ya nguvu zake. Hitimisho la kwanza si kweli. La pili si kweli katika vifaa vinavyotumika zaidi mitaani, na fundi anayelitegemea atakokotoa vibaya nguvu inayomfikia mteja wa mwisho. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa kitenzi katika uwanja huu una matokeo ya moja kwa moja katika kazi.

2.0 Namna mbili za kuigawanya nuru

2.1 Kugawa nguvu

Uzi wa kioo una kiini chembamba kilichozungukwa na ganda la kioo lenye uwezo mdogo zaidi wa kupinda nuru. Tofauti hiyo ndiyo inayoifunga nuru ndani ya kiini. Hata hivyo, nuru haiishii kabisa kwenye mpaka wa kiini. Sehemu ndogo ya uga wake huingia katika ganda na kufifia haraka. Mbinu ya kwanza ya kugawa nuru hutumia hali hiyo. Nyuzi mbili huwekwa sambamba, hupashwa moto hadi zilainike, kisha huvutwa hadi viini vyake vikaribiane sana. Uga unaochungulia kutoka kiini kimoja hukifikia cha pili, na nuru huhama polepole kutoka uzi hadi uzi kadiri inavyosafiri. Mtengenezaji akisimamisha uvutaji mapema, sehemu ndogo tu huhama. Akiendelea, nusu huhama. Akiendelea zaidi, karibu yote huhama na hata kuanza kurudi.

Mbinu ya pili huchora njia za nuru juu ya kipande bapa cha kioo, kwa ufundi unaofanana na ule wa kutengeneza chipu za elektroniki. Njia moja hutawanyika kuwa mbili, kila moja ya hizo kuwa mbili tena, hadi kupatikana matawi 8, 16, 32 au 64. Mbinu hii hutoa matawi yenye nguvu zinazokaribiana, na ndiyo iliyoenea katika mitandao inayohudumia nyumba nyingi.

Katika mbinu zote mbili kinachogawanywa ni nguvu. Nuru inayotoka kituoni ikiwa imebeba ujumbe wa kidijiti, kila tawi hubeba ujumbe wote, ila kwa mwangaza hafifu zaidi. Katika mtandao wa aina ya GPON, data yote inayoshuka kutoka kituoni hufika katika kila nyumba iliyo chini ya kifaa kilekile, na kifaa cha mteja huchukua iliyo yake na kuiacha iliyobaki. Ndiyo maana data hiyo husimbwa kwa siri: jirani hupokea nuru ileile. Kwa hiyo, kusema kwamba kifaa hiki “hugawanya mawasiliano” ni kukiuka ukweli. Habari hubaki nzima, nguvu ndiyo inayogawiwa.

Upotevu wa nguvu hupimwa kwa desibeli. Kila nguvu inapogawanywa mara mbili sawasawa, kila tawi hupungukiwa na desibeli 3.01. Matawi 4 huleta upotevu wa 6.02, matawi 8 upotevu wa 9.03, matawi 32 upotevu wa 15.05, na matawi 64 upotevu wa 18.06. Hivi ni viwango vya chini kabisa vinavyoruhusiwa na hesabu. Kifaa halisi huongeza upotevu wake mwenyewe, hivyo kifaa cha matawi 32 hukadiriwa kuwa na takribani desibeli 17.

2.2 Kutenga mawimbi

Namna ya pili haigawi kiasi bali hutenga aina. Uzi mmoja unaweza kubeba nuru za urefu wa mawimbi mbalimbali kwa wakati mmoja bila kuvurugana. Katika GPON, nuru ya kushuka kutoka kituoni huwa na urefu wa wimbi wa nanomita 1490, ya kupanda kutoka kwa wateja huwa ya nanomita 1310, na eneo la nanomita 1550 huweza kutumika kwa matangazo ya televisheni. Kifaa kinachozitofautisha hutumia tabaka nyembamba sana za vioo au madini zilizopangwa ili wimbi moja lipite na lingine liakisiwe. Katika mikongo ya masafa marefu, mawimbi mengi yaliyokaribiana hupakiwa katika uzi mmoja, kisha hutengwa upande wa pili, kila moja likiwa na ujumbe wake.

Hapa hakuna sheria inayolazimisha nusu ya nguvu ipotee. Kifaa kisicho na kasoro kingeliachia kila wimbi karibu nguvu yake yote. Kinachogawanyika ni mkusanyiko wa jumbe: kila mlango hutoa ujumbe tofauti. Hivyo, kifaa cha kwanza hutoa ujumbe mmoja mara nyingi kwa nguvu ndogo, ilhali cha pili hutoa jumbe nyingi, kila moja mara moja, kwa nguvu karibu kamili. Kuviita vyote viwili kwa jina moja ni sawa na kutotofautisha kati ya kumgawia kila mtoto kipande cha mkate na kutenga mbuzi na kondoo.

3.0 Kukutanisha si kujumlisha

Tatizo kubwa zaidi liko upande wa pili. Kifaa cha kugawa nguvu hakina mbele wala nyuma. Nuru inaweza kuingizwa kupitia matawi na kutokea kwenye shina. Kwa sababu hiyo hutumika pia kukutanisha nuru. Msomaji aliyelelewa na methali isemayo haba na haba hujaza kibaba atatarajia kwamba nuru mbili hafifu zikikutana kwenye shina zitatoa nuru moja yenye nguvu ya zote mbili. Katika kifaa hiki kibaba hakijai.

Chukulia kifaa chenye shina C na matawi A na B. Nuru ikiingia C, nusu hutokea A na nusu B. Nuru ikiingia A peke yake, nusu tu ndiyo itakayotokea C. Nusu nyingine hutoroka kwenye ganda, au hutokea kwenye mlango wa nne iwapo kifaa kina mlango huo. Sababu yake inaweza kufuatwa kwa hoja rahisi. Kifaa cha aina hii hutenda sawa katika pande zote mbili: sehemu ya nguvu inayopita kutoka A hadi C ni sawa na inayopita kutoka C hadi A. Kama nuru yote ya A na nuru yote ya B zingetokea C, basi nuru yoyote inayoingia C ingelazimika kutoka yote kupitia A na wakati huohuo yote kupitia B. Hilo lingekuwa kuzalisha nguvu kutoka patupu. Kwa hiyo kila nuru inayopanda hulipa desibeli zilezile 3.01 kwa kila mgawanyo, ingawa haikugawiwa mtu yeyote.

Zipo hali ambazo upotevu huo huepukika. Ya kwanza ni pale nuru zinapokuwa na urefu tofauti wa mawimbi. Hapo kifaa cha kutenga mawimbi hutumika kinyumenyume. Ya pili ni pale nuru mbili zinapotetemeka katika pande zinazokatana kwa pembe mraba, na kifaa kikatumia tofauti hiyo. Ya tatu ni pale mawimbi ya nuru mbili yanapopanda na kushuka kwa hatua moja, jambo ambalo haliwezekani kwa leza mbili zinazojitegemea katika nyumba mbili tofauti. Katika kila hali kuna kitu kinachozitambulisha au kuzifunga pamoja nuru hizo. Zisipokuwa na tofauti wala mapatano, zikikutana hupotezana.

Muundo wa mtandao wa mtaani unathibitisha jambo hili. Katika GPON wateja wote hutumia wimbi la nanomita 1310 kurudisha data, hivyo kituo huwapangia zamu. Kila kifaa hutuma katika muda wake na kunyamaza wakati wa wengine. Shina halijumlishi sauti za wateja, bali huwapitisha mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa amepunguziwa nguvu.

Athari zake huonekana katika makadirio. Kiwango kimoja cha GPON kinachotumika sana huruhusu upotevu wa jumla usiozidi desibeli 28 kati ya kituo na mteja. Kifaa cha matawi 32 kikichukua desibeli 17, na kilomita 20 za uzi zikichukua takribani desibeli 7 kwa wimbi la nanomita 1310, hubaki desibeli 4 za maungio, viungo na akiba. Kifaa cha matawi 64 kikichukua takribani desibeli 20.5, hubaki nusu desibeli tu. Mtu anayeamini kwamba njia ya kupanda “inaunganisha” tu, na kwa hiyo haina upotevu wa mgawanyo, atapata jibu lenye desibeli 20 za ziada ambazo hazipo. Mteja wake atapokea data bila kuweza kujibu.

4.0 Vitenzi na mipaka yake

Kwa kuwa matendo ni tofauti, inafaa kuangalia vitenzi vya Kiswahili vinaashiria nini kabla ya kuunda majina.

Mzizi -gawa huzaa -gawia, -gawana na -gawanya. Kauli ya kutendea katika sentensi “Mama amewagawia watoto chakula” hudhihirisha mpokeaji. Kauli ya kutendana katika “Ndugu wamegawana shamba” huwafanya wapokeaji kuwa watendaji. Umbo -gawanya lina kiambishi cha kutendana -an- na athari ya usababishi, na hulenga zaidi kitu kinachokatwa sehemu kuliko mtu anayepewa: “Gawanya 12 kwa 3.” Mipaka hii si mikali, kwani kamusi huyapa maumbo hayo maana zinazoingiliana. Hata hivyo, maumbo yote manne yanashirikiana jambo moja: kinachotokea baada ya tendo ni kiasi kidogo zaidi cha kitu kilekile.

Kitenzi -tenga hakidai hivyo. Anayetenga huweka mbali kilicho tofauti au kilichokusudiwa kuwa tofauti. Fedha hutengwa kwa ajili ya ada, mgonjwa hutengwa na wazima. Msingi wa -gawa ni kiasi. Msingi wa -tenga ni aina au kusudi. Mpaka huo unalingana na ule ulioelezwa katika sehemu ya pili.

Upande wa kukutanisha una vitenzi vingi zaidi. Kitenzi -unganisha kimekwisha kupewa kazi nyingine: fundi huunganisha ncha za nyuzi mbili kwa kuziyeyusha, na kiunganishi ni kifaa cha kuchomeka mwishoni mwa uzi. Katika taaluma ya lugha kiunganishi ni aina ya neno. Kitenzi -changanya huashiria kwamba vilivyokutana vimepoteza mpaka, ilhali mawimbi tofauti katika uzi mmoja hubaki na mipaka yake. Kitenzi -jumlisha huahidi jumla, nayo ndiyo ahadi isiyotimizwa.

Hubaki -kusanya na -kutanisha. Anayekusanya vitabu huvipata vyote, na kila kimoja hubaki kitabu chake. Maana hiyo inafaa kwa mawimbi tofauti yanayoingizwa katika uzi mmoja bila upotevu wa lazima na bila kupoteza utambulisho. Kitenzi -kutanisha, ambacho ni usababishi wa -kutana, huahidi kidogo zaidi: vitu viwili hufikishwa mahali pamoja, lakini hakisemi kwamba vyote vimefika vikiwa kamili. Uchache huo wa ahadi ndio unaokifanya kifae kwa nuru za wimbi moja.

5.0 Umbo la jina

Kiswahili huunda majina ya ala kwa njia kadhaa. Njia ya ki-…-o hutoa kifuniko, kizibo na kipimo. Kwa mzizi huu ingetoa kigawo na kigawanyo. Maneno hayo hayako wazi kupewa kazi mpya, kwani hesabu imekwishayatumia: kigawo kikubwa cha shirika hufundishwa shuleni, na kigawanyo ni namba inayogawa nyingine. Aidha, umbo hili huweza kutaja ala au matokeo, kama kipimo kinavyotaja kifaa na pia kiasi kilichopatikana. Njia ya ki-…-i, iliyotoa kihisi, kitenzi na kiunganishi, ingetoa kigawanyi. Umbo hilo ni fupi na linakubalika, lakini halisemi kinachogawanywa.

Njia ya tatu ni jina ambatani lenye kitenzi na yambwa yake: kipimajoto, kipazasauti, kinasasauti. Faida yake ni kwamba yambwa hulazimika kutajwa. Katika uwanja huu yambwa ndiyo kiini cha suala, kwa kuwa kosa la “kugawanya mawasiliano” ni kosa la yambwa na si la kitenzi peke yake. Kwa utaratibu huo hupatikana istilahi zifuatazo.

Kigawanuru: jina la jumla la kifaa chochote kinachopeleka nuru ya njia moja katika njia nyingi.

Kigawanguvu: kigawanuru kinachotoa kwa kila tawi ujumbe wote na sehemu ya nguvu. Kinapotumika kinyumenyume jina halibadiliki. Husemwa kwamba kigawanguvu kinakutanisha nuru.

Kitengawimbi: kifaa kinachotoa kila urefu wa wimbi katika mlango wake.

Kikusanyawimbi: kifaa kinachoingiza mawimbi ya urefu tofauti katika uzi mmoja.

Kuacha kuunda jina la pili kwa kigawanguvu kinachotumika kinyumenyume ni uamuzi wa makusudi. Kifaa ni kilekile na upotevu ni uleule; jina la pili lingefufua dhana kwamba kuna tendo la kurudisha kilichogawiwa. Kuhusu wimbi, ingewezekana kutumia rangi na kupata kitengarangi, neno ambalo lingeeleweka upesi. Lakini nuru za nanomita 1310, 1490 na 1550 hazionekani kwa jicho la binadamu, ambalo huishia takribani nanomita 700. Neno rangi lingefaa kama ulinganisho wa darasani, si kama sehemu ya istilahi.

6.0 Istilahi katika matumizi

Istilahi hupimwa kwa sentensi inazoruhusu na zile inazozuia. Sentensi “Kigawanyi huunganisha mawasiliano ya wateja 32” ni sanifu kisarufi, lakini haimwambii msomaji iwapo kuna upotevu. Sentensi “Kigawanguvu cha matawi 32 hukutanisha nuru za wateja, na kila nuru hupoteza takribani desibeli 17” inajitosheleza. Vivyo hivyo, “Kikusanyawimbi huingiza nuru ya televisheni katika uzi unaobeba data, kisha kitengawimbi huitoa nyumbani kwa mteja” hueleza safari nzima bila kumlazimu msomaji kukisia.

Pingamizi moja lina uzito. Mafundi husema splita, na neno hilo ni fupi, limetoholewa vizuri na linaeleweka. Katika kazi za faiba splita humaanisha kifaa cha kugawa nguvu, na kwa hiyo neno la mitaani linaweza kuwa makini zaidi kuliko kigawanyi cha vitabuni. Lakini splita hutumika pia kwa kifaa cha kugawa waya wa antena ya televisheni, na haliwapi wanafunzi njia ya kufikia maana kupitia mofolojia wanayoijua. Si lazima neno moja liliondoe lingine. Kamusi inaweza kuliorodhesha splita kama kisawe cha kigawanguvu katika lugha ya kazi, huku ufafanuzi ukiwekwa chini ya istilahi inayoeleza tendo.

7.0 Hitimisho

Imeoneshwa kwamba jozi ya kugawanya na kuunganisha hailingani na fizikia ya vifaa vya nyuzi za kioo. Kifaa kimoja hugawa nguvu na kuacha ujumbe mzima. Kingine hutenga mawimbi na kuiacha nguvu karibu kamili. Nuru za wimbi moja zinazokutanishwa hulipa tena gharama ya mgawanyo, ilhali mawimbi tofauti hukusanywa bila gharama hiyo. Tofauti hizo hazikuhitaji kuazimwa kutoka nje, kwa kuwa zimo katika maana za -gawa, -tenga, -kutanisha na -kusanya. Waundaji wa istilahi za teknolojia wanaweza kunufaika na utaratibu huu: kuchunguza kwanza ni nini hasa kinachotendwa, juu ya kitu gani, na kwa gharama gani, kisha kuuliza ni kitenzi kipi cha Kiswahili kinachoahidi hayo na si zaidi ya hayo.